Pindo la Watoto Wasiobatizwa

Jana mchana, saa nane na dakika kadhaa, Mwinjilisti Tusekile aliota ndoto ambayo mpaka leo hajaweza kumsimulia mtu hadi mwisho. Akifika kwenye birika watu wanacheka. Yeye mwenyewe, alipokuwa ndani ya ndoto hiyo, hakucheka hata kidogo.

Alikuwa ameketi mezani sebuleni, mvua ya Rungwe ikinyesha taratibu kama kawaida yake, na mbele yake kulikuwa na daftari la Historia ya Kanisa. Ana miaka hamsini na mitatu, na mwaka huu kanisa lilimpeleka chuo cha Biblia kuongeza elimu. Mtihani ulikuwa unakuja, na mwalimu wao, Mchungaji Asajile, alikuwa amewadokezea swali moja bila kuficha: "Taja wanathiolojia watano wenye mvuto mkubwa kuliko wote katika historia ya Ukristo, na ueleze mvuto wa kila mmoja."

Alianza na Augustino, askofu wa Hipo. Akaandika kurasa mbili nzuri juu ya neema, akaandika nusu ukurasa juu ya dhambi ya asili, kisha akafika kwenye mstari mmoja wa kitini walichopewa chuoni. Mstari ulisema kwamba, kwa mafundisho ya askofu huyo, mtoto mchanga anayekufa bila kubatizwa haepuki adhabu, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote.

Tusekile akaweka kalamu chini.

Jikoni alikuwako mkwe wake, Subilaga, mke wa mwanawe Lugano anayeendesha lori Makambako. Wiki tano zilizopita Subilaga alijifungua mtoto wa kiume zahanati. Mtoto alikuwa na kilo mbili na robo, na kwikwi isiyokwisha. Aliishi siku tatu. Asubuhi ya siku ya tatu muuguzi alipotikisa kichwa, Subilaga alisema, "Mama, mbatize." Maji yalikuwapo, kwenye kikombe cha plastiki, dirishani. Tusekile aliujua ukurasa wa kitabu cha ibada unaosema kwamba penye hatari ya kufa Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Aliujua kwa kichwa. Lakini kwa miaka ishirini na saba ya uinjilisti alikuwa amezoea kwamba maji ni kazi ya mchungaji, akasema, "Tumsubiri mchungaji, yuko njiani."

Mchungaji alikuwa njiani kweli, na pikipiki yake, kwenye daraja lililobomolewa na mvua. Akafika saa sita. Mtoto alikuwa amekata roho saa tano.

Baada ya mazishi Subilaga aliuliza swali moja tu. "Mama, yuko wapi?" Na Tusekile, aliyehubiri kwenye misiba isiyohesabika, akasema, "Tuombe." Tangu siku hiyo wakawa wanazungumza habari za chumvi na kuni peke yake.

Basi akaweka kalamu chini, akalaza shavu juu ya daftari apumzike kidogo.

Alipoinua kichwa, alikuwa kwenye chumba cha mtihani.

Chumba kilikuwa ni jiko la chuo, ila masufuria yalikuwa yamekaa kwa mistari kama wanafunzi, kila moja na karatasi yake. Msimamizi alikuwa birika la chai, lile kubwa la siku za harusi, limevaa kola ya kichungaji. Hakuna sufuria lililoona ajabu. Tusekile naye hakuona ajabu. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa amechelewa.

"Jina?" birika likauliza.

"Tusekile."

"Maana yake?"

"Tumefurahi."

"Mmefurahi lini?"

Tusekile akafikiri. Birika likamsubiri, mvuke ukitoka kidogo kidogo mdomoni mwake. Mwishowe likaandika kwenye orodha, "Hakumbuki," likampa karatasi.

Karatasi ilikuwa nyeupe pande zote mbili.

"Swali liko wapi?"

"Liko nje," birika likasema. "Mtihani wa mwaka huu ni wa vitendo. Umeambiwa ueleze mvuto. Nenda ukavutwe."

Sufuria moja la mstari wa mbele likainua mfuniko, likauliza kama linaweza kwenda haja. Birika likakataa.

Tusekile anatoka. Nje si uani. Nje ni ukumbi mrefu kama kanisa lililosahau kuezekwa, na mlangoni amesimama kiumbe mfupi, kimo cha ndoo, amevaa koti jeusi la zamani. Begani ana namba ndogo, kumi na nne.

"Mimi ni Tanbihi," anasema kwa sauti ndogo sana, inabidi Tusekile ainame. "Makazi yangu ni chini ya ukurasa. Watu hawanisomi."

"Mimi nakusoma," Tusekile anasema kwa adabu.

"Si kweli, lakini asante."

Ukumbini kulikuwa na viti vitupu vya wanathiolojia, vingine vya mawe, vingine vya mbao, kimoja cha kamba. Tusekile aliuliza wenye viti wako wapi.

"Wamekufa," Tanbihi akasema. "Umebaki mvuto wao. Huo ndio unaokaa."

Ilikuwa kweli. Kijiko kilikuwa kikiteleza sakafuni peke yake. Kilifuatiwa na kitabu cha nyimbo, kikifuatiwa na miwani ya mtu. Kisha kuku akapita akiburutwa kinyumenyume, miguu pamoja, uso umetulia.

"Huyo ni wa karne ya tano," Tanbihi akaeleza. "Bado hajafika."

Kiti cha kwanza walichokifikia kilikuwa na vumbi jingi. Tusekile, ambaye hajawahi kuingia kwenye nyumba ya mtu akaacha vumbi lilivyo, alishika ncha ya kitenge chake akainama.

"Usinifute!" kiti kikapiga kelele. "Hakuna kazi ya mikono yako itakayonisafisha!"

"Ni vumbi tu."

"Vumbi ndilo tunalozungumzia!"

"Basi nitakaa hivyo hivyo."

"Sasa," kiti kikasema, kimepoa, "umenielewa." Lakini alikuwa amevaa kitenge cheupe chenye maua, akaona heri aendelee mbele.

Cha pili kilikuwa kipana, kimetulia, na miguu yake yote minne ilikuwa imeandikwa namba.

"Inaonekana kwamba huwezi kunikalia," kikasema polepole. "Kwanza, kiti ni cha aliyeitwa, na wewe hukuitwa. Pili, kiti ni cha mtu mmoja, nanyi mko wawili, wewe na mashaka yako. Tatu, anayekaa amefika, na wewe bado uko safarini. Lakini kinyume chake, miguu yako inauma. Najibu, basi, kwamba unaweza kukaa. Kwa pingamizi la kwanza, ni lazima tutofautishe kuitwa kwa namna mbili."

Kiti kikatofautisha. Kilikuwa sahihi kwa kila neno, na Tusekile aliona raha kukisikiliza, ila kilipomaliza pingamizi la tatu miguu ilikuwa imeacha kuuma, akakishukuru akapita.

Kingine kilikuwa kimeshasogezwa kumwelekea kabla hajafika.

"Ulijuaje kwamba nitakuja?"

"Iliamriwa."

"Na nisipokaa?"

"Hilo nalo liliamriwa."

Hakukaa. Kiti hakikushangaa.

Ndipo ndala zake zikamtoka miguuni, zikaondoka zenyewe, ya kulia ikitangulia. Kalamu ikamtoka sikioni. Kitambaa cha kichwa kikanyooka mbele kama mkono unaoonyesha njia. Akashika nguzo ya ukumbi, akaona nguzo nayo inakwenda. Mwisho wa ukumbi kilikuwapo kiti kikubwa kuliko vyote, cha mbao nyeusi zenye harufu ya mafuta ya taa ya zamani, kiti cha askofu wa Hipo, kutoka Afrika, upande wa kaskazini.

"Kaa," kikasema.

"Na hiari yangu?"

"Hapo ndipo watu wote hupenda kuniuliza," kiti kikasema, na Tusekile akajikuta amekaa.

Palikuwa pazuri. Hilo ndilo lililomtisha. Kiti kilikuwa na joto kama mahali alipotoka mtu sasa hivi, na alipoegemea akahisi mambo yote aliyowahi kuyahubiri yakimwingia mgongoni moja moja, kila moja likikaa mahali pake. Angeweza kukaa hapo miaka elfu moja na mia sita bila kuona njaa. Vijiko vilikuwa vimelala miguuni pake kwa amani.

Ila alikuwa na swali, akaliuliza.

"Mtoto wa siku tatu, asiyebatizwa, yuko wapi?"

Kuku wa karne ya tano akasimama.

"Aliyekuwa akinikalia aliandika kwamba adhabu yao ni nyepesi kuliko zote," kiti kikasema.

"Nyepesi kiasi gani?"

"Hakuandika kipimo."

"Wa kwangu alikuwa na kilo mbili na robo."

Mbao za kiti zikalia kidogo, kama zinavyolia mbao za nyumba jua linapozama. Kisha ule mvuto ukamwachia, polepole, kama mtu anayefungua mkono, na Tusekile akasimama kwa nguvu zake mwenyewe.

"Mimi ni kiti, mama," kikasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Usiulize kiti kila kitu."

Akabaki amesimama pekupeku. Hajui aende wapi. Tanbihi anamvuta kitenge kwa chini, kwa kuwa hafiki juu.

"Swali lako lilihamishwa," anasema.

"Lilipelekwa wapi?"

"Pindoni."

"Pindo gani?"

Tanbihi akakohoa kidogo, akasimama wima, kwa sababu hii ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. "Waliokuja baadaye walikuwa na huruma, lakini walikuwa na kanuni pia. Kuwatesa watoto hawakuweza. Kuwaingiza mbinguni, kanuni haikuruhusu. Wakawaweka ukingoni, mahali pasipo maumivu wala kumwona Mungu, wakapaita kwa neno la Kilatini ambalo maana yake ni pindo. Pindo kama la nguo. Nimelieleza hilo chini ya ukurasa wa themanini na mbili. Hukunisoma."

"Sikukusoma," Tusekile akakiri.

"Twende."

Wanapiga hatua moja, na ukumbi unakuwa mashamba ya chai. Majani yamelowa, yamekatwa sawasawa kama meza. Juu yake kimelala kitambaa cheupe, kimetanda kutoka kilima kimoja hadi kingine, na mwisho wake umekunjwa na kushonwa pindo nene kama gogo. Kwenda huku pindo halionekani mwisho, kwenda kule halionekani mwisho. Kitambaa chenyewe kinapanda juu, kinapanda, kinaingia kwenye mawingu.

Kwenye pindo ameketi mwanamke wa makamo, na cherehani ya mkono mapajani, pini mdomoni.

"Huyu ni Fundi," Tanbihi anasema. "Ameanza karne ya kumi na tatu."

"Umeleta nguo?" Fundi anauliza bila kuinua macho.

"Nimemfuata mtoto."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Wote wanaokuja humfuata mmoja mmoja," Fundi akasema, bila ubaya wowote, akaendelea kuzungusha mkono wa cherehani.

Tusekile akapiga magoti, akaweka sikio juu ya pindo. Mwanzoni alisikia moyo wake mwenyewe. Kisha akasikia pumzi, ndogo ndogo, nyingi mno, kama mvua ikianza mbali. Na katikati ya pumzi hizo akasikia kwikwi. Moja. Kimya kidogo. Halafu mbili za haraka haraka.

"Ni yeye," akasema. "Naomba ufumue hapa."

"Kufumua kunataka mamlaka. Wewe ni mchungaji?"

"Mwinjilisti."

"Mwinjilisti haruhusiwi. Kaa kwenye benchi umsubiri mchungaji."

Benchi lilikuwapo. Tusekile akakaa, akaweka mikono mapajani, akasubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Majani ya chai yakachumwa, yakachipua, yakachumwa tena. Mawingu yakashuka, yakapanda. Tanbihi alisema imepita miaka mia nne, ambayo kwa Tusekile ilikuwa kama muda wa kunywa chai na kuosha kikombe. Na muda wote huo kwikwi ikaendelea, moja, halafu mbili.

"Unamsubiri nani?" Tanbihi akauliza.

"Mchungaji."

"Amekwama darajani."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

Tusekile akatazama mikono yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, wala wazee wa kanisa, wala Lugano, wala mchungaji mwenyewe.

"Tangu saa tatu asubuhi," akasema. "Alipiga simu kwa muuguzi. Muuguzi akaniambia daraja limekatika, huenda asifike hadi mchana. Nilikuwa na saa mbili nzima. Kikombe kilikuwa pale."

Namba ya Tanbihi begani ilionekana ndogo kuliko mwanzo.

Tusekile akasimama. Kwenye kijimeza cha Fundi kulikuwa na chaki, sindano za akiba na wembe. Akachukua wembe.

"Sijakuruhusu," Fundi akasema.

"Sijakuomba ruhusa," Tusekile akasema, wala hakupandisha sauti.

Fundi akamtazama. Akaacha cherehani, akakunja mikono kifuani. Hakumzuia.

Anafumua. Uzi umesokotwa kwa herufi, ndogo kama mayai ya chawa, na kila mshono ukikatika unatoa sauti ya mtu anayeguna kwamba hoja imempita. Anafumua kiasi cha mkono mmoja, anaingiza vidole. Hakuna kitu. Anafumua mikono mitatu. Anaingiza mkono hadi kwapani, anapapasa huku na huku. Anakuta sufi tu, na vumbi la nguo, kama lile linalopatikana ndani ya mfuko wa koti la zamani. Anafumua mpaka Fundi anakuwa mbali, mdogo kama Tanbihi, na pindo lote limefunguka nyuma yake, na ndani hamna mtu.

Akarudi, wembe bado mkononi, anahema.

"Wako wapi?"

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. "Hawajawahi kuwamo," akasema. "Niliambiwa nishone, kwamba wamo. Nikashona. Mimi ni fundi. Lakini kwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniletea mtoto hata mmoja."

"Mbona nimemsikia?"

"Nguo inapitisha sauti. Hiyo inatoka juu."

Wakati wote huo, na hata Tusekile mwenyewe alishangaa baadaye, haikuwa imemjia kwamba pindo ni la vazi, na vazi lina mwenye kulivaa. Akainua macho. Akaona kitambaa kinavyopanda kutoka mashambani, kinapanda vilima, halafu kinajikunja mahali fulani juu sana, mkunjo mkubwa wa utulivu, kama linavyojikunja vazi la mtu aliyeketi. Palikuwa ni magoti. Na pale juu ya magoti kitambaa kilibonyea katikati kama kinavyobonyea kitenge cha mwanamke yeyote anayepakata mtoto.

Mawingu yakasogea kidogo, akaona bega. Uso hakuuona, ulikuwa ndani ya ukungu, na hakuthubutu kuutafuta. Ila bega aliliona. Lilikuwa na madoa. Madoa meupe yenye umanjano, ya zamani na mapya, moja juu ya jingine, maelfu kwa maelfu, kama lilivyo bega la mtu ambaye hana kazi nyingine toka asubuhi isipokuwa kubeba watoto na kuwapigapiga migongo baada ya kunyonya.

Akasikia mkono ukipigapiga. Taratibu. Kwikwi moja. Halafu mbili za haraka. Halafu mkono ukaendelea, na kwikwi ikakoma. Mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, ikakoma.

Kitu cha uvuguvugu kikadondoka kutoka juu, kikamwangukia begani.

Akamgeukia Tanbihi aulize ni nini.

"Hilo," Tanbihi akasema, "sina maelezo yake."

Akaamka. Saa ya ukutani ilikuwa tisa kasoro. Daftari lilikuwa limemchora mistari shavuni, na mvua ilikuwa imepungua hadi manyunyu. Hakunawa uso, hakuvaa ndala. Alikwenda moja kwa moja jikoni, ambako Subilaga alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi kwa ajili ya jioni.

"Subi."

"Abee, Mama." Akadhani anaulizwa habari za kuni.

Tusekile hakukaa. "Siku ile nilijua saa tatu kwamba mchungaji hafiki. Muuguzi aliniambia. Nilikaa na kikombe cha maji mbele yangu saa mbili nzima, na wewe umeniomba. Niliogopa."

Kisu cha Subilaga kikasimama. "Uliogopa nini, Mama?"

"Kukosea. Niliogopa kukosea kuliko nilivyomwonea huruma yeye."

Subilaga akaitazama ndizi aliyoishika. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Muuguzi alikwambia umesimama miguuni pangu. Nilikuwa nimefumba macho, sikuwa nimelala. Nikasema, Mama ataniambia leo. Haikuwa leo, nikasema kesho. Wiki tano nakusubiri uniambie, wewe unaniuliza kama chumvi imekwisha."

Tusekile akajishusha polepole, akakaa chini kabisa, sakafuni, penye maganda. "Nisamehe, mwanangu."

Subilaga akamenya ndizi ile mpaka mwisho, akaitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine, akaishika bila kuimenya. Kuku wa nyumbani aliingia, akatazama, akatoka.

"Na swali langu?" akauliza.

"Amepakatwa," Tusekile akasema.

"Amepakatwa na nani?"

"Uso sikuuona. Nisingeweza kuliandika kwenye mtihani, wangenifelisha. Lakini hakuachwa pembeni, Subi. Hakuna mtoto aliyewekwa pembeni. Nimepapasa kwa mkono wangu mwenyewe, hamna mtu. Amepakatwa, na anapigwapigwa mgongo, na kwikwi imekoma."

Ni hapo angetarajia mtu acheke. Subilaga hakucheka.

"Ile ya moja, halafu mbili?" akauliza.

"Hiyo hiyo."

Subilaga akaweka kisu na ndizi kando. Akasema, kama mtu anayetaja kitu alichokiweka kabatini, "Anaitwa Ipyana. Nilimpa jina siku ya kwanza, alipokamata ziwa. Hakuna aliyeniuliza."

"Ipyana," Tusekile akasema. Kwa lugha yao ni neema. Siku hiyo hiyo alikuwa ameandika kurasa mbili juu ya neema, na hakujua kwamba lilikuwa jina la mjukuu wake. Akalirudia, kwa sauti kamili ya kanisani, ili lisikike nyumba nzima. "Ipyana."

Subilaga akaanza kulia, si kwa nguvu, kama mvua ile ya nje. Akateleza kutoka kwenye kigoda, akaweka kichwa begani kwa mama mkwe wake, naye Tusekile akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, maganda ya ndizi yamewazunguka.

Wakakaa hivyo. Kisha Subilaga akanyamaza ghafla. Akavuta pumzi kwa pua, mara moja, mara ya pili. Akajitenga akamtazama Tusekile begani.

"Mama, leo umembeba mtoto wa nani?"

"Sijatoka leo. Si umeona mvua?"

"Kuna mtu amekucheulia."

Tusekile akapinda shingo. Begani, juu ya maua ya kitenge, palikuwa na tone la maziwa lililoganda kidogo, jeupe, lenye umanjano pembeni, bado bichi. Ndani ya nyumba ile hamkuwa na mtoto mchanga. Mtoto mdogo kuliko wote pale jirani ana miaka mitatu na anakula ugali. Tusekile akafungua mdomo aeleze, akaona hana maelezo, akashika ncha ya kitenge afute, kama alivyozoea.

Subilaga akamshika mkono.

"Usifute," akasema.